Sinia Lako Halipigi, Baba

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechefukwa, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Unamkumbuka Shabani, yule muuza mikanda wa kijiweni kwetu Mchafukoge, aliyekubandika jina la Mzee Sinia? Siku ya hitma yako alilia kuliko sisi wanao. Akala pilau, akaongeza, kisha akamwomba Mama lile sinia lako la bati "liwe kumbukumbu". Mama, kwa hali aliyokuwa nayo, akampa. Nilidhani ni mapenzi.

Sasa Shabani ni mchambuzi wa vita. Sikutanii. Kwa kuwa vita vya huko mbali vimejaa kwenye simu za watu, kila alasiri anakaa kwenye benchi lako, anategesha simu juu ya ndoo, anajitwika sinia lako na kuwaeleza watu kwamba kuna ndege yenye sinia mgongoni, na sinia hilo likizunguka linarusha makombora pande zote. Linarusha makombora, Baba! Na watu wanamwita kamanda. Kibanda changu cha makava ya simu kiko hatua chache tu, yote nayasikia, na kila nikiyasikia naona kinyaa.

Miaka yote uliyokaa jeshini mbele ya kioo cha rada ulirudi na somo moja, ukalifundisha kwa tikiti maji. Unaweka tikiti mezani, kikombe cha kahawa nyuma yake, unamwinamisha mtu mpaka jicho lake lilingane na meza. "Unakiona kikombe?" Hakioni. "Basi hiyo ndiyo rada ya chini. Dunia ina mgongo, na adui akiruka chinichini anajificha nyuma ya huo mgongo." Kisha unampandisha kwenye kigoda, anakiona. "Ndiyo maana rada wakaipakia kwenye ndege." Halafu unajitwika sinia, unazunguka polepole, na wanaume wazima wanacheka mpaka kahawa inawamwagikia. Ulikuwa unawangoja wamalize, ndipo unasema neno lako: "Ndege hii haina hata risasi. Kazi yake ni kuona mapema na kuita. Wa kupiga ni wengine, wakiitika."

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nilifunga kibanda mchana kweupe, nikaenda kusimama mbele ya simu yake akiwa laivu, nikamuuliza sinia linapiga au linaona. Akacheka. "Sista, haya mambo ya kiume haya, tuachie wenyewe." Mzee Athumani muuza kahawa, ambaye sijapata kumsikia akibishana na mtu, akatua dele lake chini. "Linaona," akasema. "Marehemu alisema linaona na kuita. Mimi nilikuwa namsikiliza. Wewe ulikuwa unacheka." Nikalinyakua sinia kichwani pa Shabani, na kofia yake ikaondoka nalo.

Ningeishia hapo ungejua kuna kitu nakuficha. Ulikuwa unanijua.

Nilipofika nyumbani Magomeni nililisugua sinia kwa jivu na sabuni, lakini kile kinyaa hakikutoka. Shabani alikucheka miaka, sawa, ila asubuhi ile ya mwisho si yeye uliyempigia simu. Ulinipigia mimi. "Mwanangu, kifua kinanibana kidogo. Nimeona nikwambie mapema." Nilikuwa na wateja watatu. Nikakujibu kwa sauti, ili na wao wacheke, "Baba nawe, rada yako imeshaona ndege tena? Nitakupigia." Wakacheka. Sikukupigia. Adhuhuri alipiga Mama, na alikuwa analia.

Uliona mapema. Ukaita. Sijamwambia mtu, hata Mama. Najichukia kuliko ninavyomchukia Shabani, maana yeye alikosea habari za ndege tu.

Arobaini yako ni Ijumaa. Nitaweka tikiti mezani, niwainamishe wajukuu zako mmoja mmoja, niwapandishe kwenye kigoda, niwaambie lile neno kama ulivyolisema. Wageni wakishaondoka nitakaa na Mama nimweleze ile simu. Naogopa, lakini nitamweleza.

Siku hizi Mama ananipigia kila saa, mara chumvi imekwisha, mara paka wa jirani kaingia jikoni. Leo kapiga nikiwa nabandika kioo cha simu ya mteja. Nikaacha kioo, nikapokea. Mteja akasonya, akachukua simu yake akaondoka. Mama alitaka kujua tu kama nimekula.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hili moja: Mama akiita, nitaitika. Wewe uliniita, nikakucheka.

Mwanao,
Zuhura