Makopo Uliyomletea Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua kimepoa. Wifi aliniambia kwenye simu kwamba ukitoka kazini unakaa peke yako uani na huongei na mtu. Mimi mwili mzima. Mengine utayasoma humu.

Mashuka ya mama nimeyafua na kuyakunja, lakini nimeshindwa kuyatoa chumbani mwake. Bado natembea polepole nikipita mlangoni, nisije nikamwamsha.

Unakumbuka siku ulipoleta katoni mbili za makopo, moja ya mahindi na moja ya maharage mekundu? Ulivaa miwani ukasoma lebo zote mbili kama mtu anayekagua hati ya kiwanja, ukatutangazia kwamba maharage yameshinda: protini maradufu, nyuzinyuzi tele, madini ya chuma. Mahindi, ukasema, ni utamu tu. Mama akacheka, akasema isitoshe maharage yana umbo la figo, huenda akiyala atapata figo mpya.

Ulipoondoka nilimpeleka kliniki, na kopo moja la kila aina kwenye mkoba. Mtaalamu wa lishe aliyaweka mezani pamoja, akasema kaka yangu hajakosea hata kidogo. Kwa mwenye figo nzima, maharage yana faida zaidi. Ila kwa mama yalikuwa na potasiamu na fosforasi nyingi mno, na figo zake hazikuweza tena kuzitoa mwilini. Bora mahindi, yamwagwe maji yake, yasuuzwe, ale vijiko vichache. Nilikueleza hayo yote. Ulishtuka, ukaniagiza niyagawe maharage kwa majirani siku hiyohiyo. Nikakujibu nimegawa.

Kisha ikaja ile siku ya msiba. Mama mdogo alikuta kopo tupu la maharage nyuma ya ndoo jikoni, akatoka nalo hadi walipokaa watu, akasema makopo uliyoleta wewe ndiyo yaliyommaliza dada yake. Nilikuona ulivyoinama. Kesho yake uliondoka bila kuaga.

Kaka, sikugawa yote. Nilibakiza kopo moja, sijui kwa nini. Labda kwa uchoyo tu wa jikoni. Mama alijua lilipo. Jumapili ile, baada ya miezi minne ya mahindi, alisukuma bakuli akaniambia, "Mwanangu, hata mfungwa hubadilishiwa chakula." Nikamkumbusha maneno ya kliniki. Akasema hajasahau hata moja, figo ndizo zilizokufa, si akili. Anataka kula mara moja kama mtu, asile kama mgonjwa. Nikafungua kopo. Nikakaanga kitunguu na nyanya. Alimaliza sahani nzima, akafuta mchuzi kwa mkate, akanisihi nisikwambie.

Jumanne moyo wake ukasimama. Daktari nilimuuliza tukiwa wawili tu. Alisema hali ilikuwa imeshafika mbali. Huenda ni maharage, huenda sivyo, na hakuna atakayeweza kuniambia kwa hakika.

Mama mdogo alipolinyanyua lile kopo, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Neno moja tu lingetosha. Niliogopa macho ya watu, nikakuacha ubebe mzigo usio wako. Wewe ulileta chakula, tena ukaniagiza nikiondoe. Aliyempakulia ni mimi.

Jana nilikwenda kwa mama mdogo nikamweleza kila kitu. Nilitegemea anifukuze. Aliniuliza tu kama mama aliyafurahia. Nikamwambia ndiyo, alikuwa akitabasamu huku akitafuna. Hapo ndipo alipolia, nami nikalia naye.

Usipotaka kunijibu, nitaelewa. Nisalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba