Wote Wanataka Kumfukuza Mke Wangu

Mshauri, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi nirudishie, naomba unisikilize maana nimekwama, mimi fundi wa makochi ambaye mabalozi wamekalia kazi yangu na hakuna aliyelalamikia mgongo. Mke wangu alifariki mwaka jana. Tulifanya kazi pamoja, yeye ameshika kitambaa upande ule, mimi huku na nyundo, na nikilegeza tu ananiambia, “Vuta, baba, hilo si shuka la mtoto!” Sasa namsikia tena, mchana kweupe, harufu ya gundi puani, sauti ileile, nami navuta na kochi linatoka safi, basi nilipokwenda kliniki kupima presha nikaropoka, nikamwambia daktari naongea na marehemu bila hata vocha, nikidhani atacheka, kumbe ananiandikia nimwone daktari wa akili. Shemeji yangu, dada wa marehemu, anasema ni pepo, niombewe atoke. Yaani wote wanataka kumfukuza, huyu kwa vidonge, yule kwa maombi, na mimi nilishafurahi amerudi. Juzijuzi ameanza kusema, “Njoo huku, umechoka,” nikamjibu subiri nimalize kochi la mteja, ha ha. Je, nina wazimu au nimebarikiwa?

Fundi Makochi

Marahaba, fundi, na pole sana. Kumsikia uliyempenda, pale mlipozoea kuwa pamoja, huwatokea wafiwa wengi wenye akili timamu. Ungeishia kwenye “vuta”, ukaiita baraka, nisingebishana nawe. Lakini neno zito umelifunika kwa “ha ha”, ukadhani sitaliona. Hiyo “huku” anayokuitia ni wapi? Na ulipomwambia asubiri, ulishakubali kwenda? Hapo sijali kama ni roho au ni ubongo: sauti ikianza kukuita uache kuishi, ni ya daktari, na ni leo. Yule wa kliniki hajalisikia hilo, ulimpa mzaha. Usiende peke yako. Mchukue shemeji, aombe njia nzima akitaka, maombi hayagombani na hospitali. Mwambie daktari neno hilo kama lilivyo, mizaha na mabalozi viache nyumbani. Mwambie pia unaogopa dawa itamwondoa mkeo. Ni swali halali, akujibu. Mimi siwezi kukuahidi kitu. Huenda karakana ikanyamaza, nawe ukaumia vibaya. Umia ukiwa hai, baba. Anayejua mwanamke yule alivyokuwa akikugombeza kutwa nzima ni wewe peke yako, na ukienda, hakuna wa kutusimulia.