Mutu na Muzigo

Butembo, tarehe 8/1/2023

Mama yangu mupendwa,

Tumusifu Yesu Kristu. Mwaka umekuanzia namna gani? Mugongo bado unakusumbua? Maman mudogo na batoto ba kwake, bote bazima? Miye niko muzima. Mafua yenye ulinisikia nayo ku Noeli imeisha, ilibaki paka kukohoa kidogo tu asubuhi juu ya hii baridi ya Butembo.

Nikuambie jambo. Siméon, yule mwenye studio pale ninafanya picha za passeport na za ndoa, ameunda club ya wapiga picha. Ametupatia défi: kila siku ya kwanza ya juma anatoa neno moja, na mbele siku ya Mungu iishe, kila mutu anapiga picha juu ya ile neno na anaiweka ku page ya club mu Facebook. Hivyo juma kwa juma, mpaka mwaka uishe. Nimeingia. Nimechoka kupiga paka vichwa vya batu bamesimama mbele ya ukuta mweupe.

Najua telefone yako haionyeshi picha. Donc kila mara maman Florentine akishuka Beni na unga yake, nitamupa barua na picha ya karatasi. Neno ya kwanza ilikuwa "Mwanzo". Yule mama unamuona anawasha mbabula ya makaa mu ukungu, ni wa soko yetu.

Na ahadi yetu ya Noeli, mama, uikumbuke: hapana kurudi ku shamba ya Mbau. Papa aliuawa na waasi kule akivuna kakao. Sitaki kulia mara ya pili.

Mutoto wako,
Falonne

*

Beni, 22/1/2023

Mwanangu Falonne,

Salamu nyingi mu Kristu. Barua imefika na picha yake. Wasingya, asante sana. Maman mudogo aliiweka ku ukuta, karibu na kalendari ya paroisse. Mugongo unanisumbua wakati wa mvua, zaidi ya pale hapana. Batoto bako muzuri, mudogo wao ameanza kutembea na anavunja sahani.

Endelea na ile kazi kama inakupa furaha. Lakini usipige picha ya basoda ba jeshi, wala ya barrière ya barabara, wala ya daraja. Siku hizi mutu anakamatwa juu ya kidogo.

Juu ya shamba, tulia. Mujomba wako Lusenge alifika ku barabara kule Mbau, akasema majani imefunika njia yote na kakao imeoza ku miti. Hakuna mutu anaingia. Miye niko hapa kwa dada yangu, ninapepeta muchele na ninasali.

Mama yako,
Adèle

*

Butembo, 16/4/2023

Mama yangu,

Amani ya Pasaka ikufikie wewe na nyumba yote. Ulikula nini ku sikukuu? Huku tulikula bugali na kuku moja kwa batu wengi, kila mutu alipata harufu. Afya yangu iko muzuri.

Unisamehe kwa kitu kimoja. Siku ya tatu ya juma chorale yetu ilienda Oicha ku jubilé ya padri, na sikupita kukusalimia juu bus ilikuwa na haraka. Wakati wa kurudi, pneu ya gurudumu ilipasuka pale Mbau. Chauffeur alitukataza kwenda mbali. Batu walikuwa banaogopa. Miye nilisimama ku barabara nikiangalia upande wa kwetu, mpaka nikaona mutu anatoka mu majani na gunia ku kichwa. Neno ya juma ilikuwa "Muzigo". Nikapiga mara moja, kutoka mbali, kisha tukaitwa kupanda.

Mama, ni picha yangu ya muzuri kupita zote. Nilikata pembeni ili abaki yeye peke yake na jua. Siméon ameichagua kuwa picha ya juma. Batu banaituma kila mahali. Ninakutumia kubwa, uiweke ku ukuta.

Mutoto wako,
Falonne

*

Beni, 19/4/2023

Falonne,

Salamu. Niko muzima.

Toa ile picha. Leo leo. Usiniulize sababu mu telefone, na usimuambie mutu ni wapi uliipigia. Maman Florentine anangojea hii barua ku mulango, sina wakati.

Mama

*

Butembo, 23/4/2023

Mama,

Ninaomba Mungu barua hii ikukute salama.

Picha nimeitoa. Siméon alikasirika. Mais haisaidii, mama. Batu waliisha kuichukua, iko mu magroupe ya WhatsApp ya Beni na ya Oicha, na baliandika maneno chini yake. Mumoja aliandika: "Huyu anatoka pale batu banachinjwa, na anatoka na gunia. Nani anamufungulia njia?" Wengine wanasema huyu anakula na adui. Wanauliza jina yake.

Nilipoisha kusoma barua yako, nilifungua picha yote mu ordinateur, ile mbele ya kukata, nikaikuza. Sura iko mu kivuli ya gunia, lakini ninajua ile namna ya kusimama, bega moja juu moja chini. Ni mujomba Lusenge. Na ile njia ni njia ya shamba yetu. Alituambia kakao imeoza.

Na upande wenye nilikata, mu majani, kuko mutu mwingine ameinama. Hakuna sura. Kunaonekana paka mukono na kikwembe. Kitenge ya samawi yenye maua ya njano.

Nilikununulia ile kikwembe miye mwenyewe, mama. Nijibu.

Falonne

*

Beni, 2/5/2023

Mwanangu,

Salamu. Mwili wangu uko muzima, roho yangu hapana.

Balimukamata mujomba wako siku ya kwanza ya juma. Bajeune ba quartier, wale vijana wa mtaa, walikuja kwake na ile picha mu telefone, wakaiweka karibu na sura yake, wakasema ni yeye. Akakubali ni yeye. Wakamuuliza alikuwa na nani kule, nani anamupatia ruhusa ya kuingia. Akanyamaza. Walimupiga na fimbo, mukono wa kushoto umevimba kama mukate. Chef de quartier alikuja akamutoa mu mikono yao na kumufungia ndani ya bureau yake, akisema ni ili wasimuue. Bado yuko kule. Bajeune wanalala inje ya mulango.

Wanarudilia ulizo moja tu, na yeye anarudilia kunyamaza moja tu. Nilimupelekea chakula. Hakuniangalia hata, juu bajeune walikuwa wanaangalia.

Ndiyo, ni miye. Tangu mwezi wa kumi ya mwaka jana. Tunaingia mapema, tunavuna kilicho karibu, tunatoka. Nilikudanganya, na nilimuambia Lusenge akudanganye pia. Usifikiri ni juu ya kaburi ya papa yako. Ni juu ya kakao. Nilichoka kukaa mu nyumba ya dada yangu na kungojea anipimie unga. Miye nilikuwa na shamba, Falonne. Nilipanda ile miti na mikono yangu, wewe ukiwa ku mugongo.

Usikuje hapa. Bajeune wameisha kujua mwenye alipiga picha ni binti ya nani.

Mama yako,
Adèle

*

Butembo, 4/5/2023

Mama yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama mu studio, na client alikuwa anangojea picha zake. Nilimuambia arudi kesho.

Nilikasirika juu ya uongo, nisikufiche. Usiku wa kwanza niliongea na wewe peke yangu mu chumba kama mutu wa wazimu. Kisha nikaona mu mawazo mukono wa mujomba, na kasirani ikakosa pa kusimama. Miye mwenyewe njo nilikata ile picha. Kama ningeacha mukono na kikwembe yako, batu wangeona bibi na kaka yake wanavuna. Niliacha mutu moja peke yake, bila mwenzake, bila shamba, juu niliona ni muzuri zaidi.

Ndani ya hii enveloppe nimeweka picha yote, nzima. Ukiitoa inje, batu watajua mujomba alikuwa na mwenye shamba, na alikuwa ananyamaza juu ya dada yake. Mais watajua pia ni wewe. Wanaweza kukufanya vile walimufanya yeye. Ukiificha, sijui watamufanya nini.

Sitaiweka mu page. Sitaionyesha mutu. Miye sina haki ya kuchagua mara ya pili. Nimeacha défi.

Mukristu ninayemuamini ku safari hii ni maman Florentine peke yake. Anajua kama enveloppe inapotea, asirudi na unga.

Ninakungojea. Telefone yangu inawaka usiku na mchana.

Falonne

*

Beni, 28/5/2023

Mwanangu Falonne,

Salamu mu jina ya Bwana. Niko muzima. Unisamehe kwa kunyamaza. Nilisikia telefone inalia na niliiacha, juu kama ningesikia sauti yako, singefanya kile nilifanya.

Nililala na ile picha chini ya kichwa siku nyingi. Ninataka ujue niliogopa. Watu wanasema mama anakimbilia kuokoa, miye sikukimbilia. Kisha chef akanitumia neno kwamba siku ya sita ya juma watamupeleka Lusenge mbele ya quartier nzima, juu yeye amechoka kumulinda. Basi nilivaa ile kikwembe nikaenda.

Kiwanja ilijaa. Lusenge alikaa chini, mukono umefungwa na kitambaa. Niliweka picha ku meza ya chef na nikasema mwenye ameinama mu majani ni miye, na shamba ni yangu. Walianza kulalamika bote pamoja. Kijana moja mwenye kuwaongoza akasimama karibu sana na miye. Akaniuliza:

"Batu banakufa kule, mama. Nyinyi munaingia na munatoka. Nani anawalinda?"

Nikamuambia: "Bwana yangu Kitsa amelala kule, chini ya kakao. Kama kungekuwa mutu wa kutulinda, angemulinda yeye kwanza."

Nilifikiri sasa watanipiga. Kisha Nadège, mujane yule tulikimbia naye kutoka Mbau, akasema kutoka nyuma, polepole: "Miye pia ninaingiaka." Akasimama. Na mwanaume mwingine akasema yeye pia, upande wa muto. Na mwingine. Kumbe ile kunyamaza yote ya quartier ilikuwa ya batu banaogopa kuulizwa. Yule kijana aliangalia nyuma, akaona mama yake mwenyewe amesimama.

Chef akasema batu warudi kwao. Walirudi.

Lusenge alitembea mbele yangu ku njia. Nilimuomba akae, nimukande mukono. Aliniambia hawezi kupita tena mbele ya wale bajeune na kuwasalimia. Kesho yake alipanda moto, ile pikipiki ya abiria, mpaka Butembo, akaendelea Kasugho kwa shemeji yake. Alipita mu muji yako na hakukutafuta. Usimulaumu.

Mama yako,
Adèle

*

Kasugho, 31/12/2023

Mama yangu mupendwa,

Tumusifu Yesu Kristu. Mugongo namna gani? Ninasikia sasa munaingia ku shamba batu wengi pamoja, na munatoka mbele jua haijapanda. Sisemi kitu tena. Ninaomba tu.

Unaona ku juu nimeandika Kasugho. Nilifika siku ya ine ya juma, matope ilituzuia ku njia na tulisukuma moto zaidi ya kuipanda. Sikukuambia mbele juu sikujua kama angenipokea.

Alinipokea. Nilimukuta anangoa maharagi. Akasema niingie nikule, ungefikiri nilikuwa hapa jana. Shemeji yake alipika sombe, majani ya muhogo. Kisha nikaenda naye ku shamba. Mukono wa kushoto haufungi muzuri. Anangoa na wa kuume, na ule mwingine anakandamiza nao majani ku tumbo. Sikujua niangalie wapi.

Kesho yake ndiyo niliweza kusema kile kilinileta. Nilimuomba musamaha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Nikamuuliza kwa nini hakutaja jina yako, maana ingemuokoa.

"Nilikuwa nimeisha kupigwa," akasema. "Kumupigisha na yeye kungeniponyesha?"

Akaniuliza kama kakao imezaa muzuri. Nikamuambia imezaa. Akafurahi, nilimuona, ata kama aligeuka. Mu mwezi wa pili atashuka Beni, anasema, kama wewe utakuwa na pahali pa kumulalisha.

Sikukuandikia kwamba nilirudi mu défi mu mwezi wa munane. Siméon alinisihi. Lakini sasa ninapiga paka mutu mwenye amekubali, na kama hakubali ninaacha juma ipite. Leo njo mwisho ya mwaka na neno ya mwisho ni "Sura". Nilikuwa na appareil ya picha mu sac tangu Butembo, na wakati jua ilianza kushuka ku mugongo wa kilima, ilimupiga vizuri kabisa. Nikamuuliza kama ninaweza.

Alijipangusa mukono ku suruali. Nilifikiri anajitengeneza.

"Hapana," akasema. "Ile moja inatosha."

Nikarudisha appareil mu sac. Kulibaki mistari miwili ya maharagi, na mvua ilikuwa inakuja upande wa pori. Tuliingoa yote mbele haijafika.

Mutoto wako,
Falonne