Kalenda ya Nyumba ya Isaiah

Riruta, Nairobi
Januari 12

Kwako Isaiah, mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, afya yako? Sisi tunapumua, watoto wamefungua shule, na Mama anaendelea na dawa za presha. Simu yako haiingii tangu Novemba, kwa hivyo barua hii naituma kwa mkono wa Haron, jirani yetu anayefanya kazi hotelini huko Fes, Moroko. Alikuja likizo.

Ile picha uliyonitumia mwezi wa Oktoba, umeketi chini ya matao makubwa na mji wote uko bondeni, Mama aliipenda kupita kiasi. Alinituma mjini nichapishe kalenda hamsini, chini iandikwe “Nyumba ya Isaiah, Moroko.” Akawagawia akina mama wote wa kanisa. Kuta hazina paa, lakini alisema mabati utaweka polepole. Yaani alitembea Riruta kifua mbele, kwamba kitinda mimba wake hatimaye amejenga!

Jumapili Haron akaja kusalimia. Alipoiona kalenda ukutani, aliweka kikombe chini. Akasema hapo si kwa mtu, ni makaburi ya wafalme wa kale wa Kimarini, yalibomoka zamani, na watu hupanda tu kutazama mji. Woi, Isaiah! Mama aliishusha kalenda ukutani. Kisha akauliza kama umekuwa kama yule mtu wa Injili aliyeishi makaburini na pepo wachafu. Tangu siku hiyo hali chakula, anafunga na kuomba, na kalenda anazirudisha nyumba kwa nyumba. Kuna mama mmoja alicheka mlangoni.

Sasa nikuambie ukweli, ukitaka unikasirikie. Mama hakubuni. Aliponiuliza pale ni wapi, ni mimi nilimwambia ni nyumba unayojenga. Picha ilipoingia niliivuta nione vizuri, nikaona nyuma yako blanketi limetandikwa, sufuria nyeusi kwa moshi, na viatu vyako vya kanisani vimepangwa kando ya ukuta. Mtu aliyekuja kutembea hapangi viatu. Badala ya kukupigia, niliikata hiyo kona kabla ya kumwonyesha Mama.

Haron ameahidi kupanda huko mlimani akutafute. Akikufikia, usijifiche, aki. Chukua simu yake uongee na Mama, halafu urudi nyumbani hata mikono mitupu.

Watoto wanakusalimia sana.

Ni mimi dada yako, niliyekuona nikanyamaza,
Millicent