Dude Lenye Godoro

Jumatatu, 4 Agosti

Vikombe viwili vimevunjika tena. Baba Kendi ameondoa gari kabla sijafunga kabati za juu. Kona ya kwanza tu baada ya soko la Mikinduri, vyombo vyote chini. Kasema kosa ni langu. Kufunga kabati ni kazi yangu. Kufunga gesi, kuinua ngazi, kushusha kidirisha cha paa, yangu pia. Yake ni kushika usukani na kupungia watu mkono.

Mwalimu mkuu mzima. Kastaafu, kaenda Nanyuki peke yake, karudi na lori lenye kitanda, jiko, choo na bomba la kuogea. Wazungu waliokuwa wakirudi kwao ndio waliomwuzia. Mimi mke wake sikuulizwa. Majirani wanaliita Kanisa kwa ukubwa wake. Mimi naliita Dude. Anataka tuzunguke nalo hadi Turkana. Amebandika ramani mbele ya usukani. Mimi sina haja na Turkana.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi ya kurudi nyuma. Mimi nyuma na kitambaa chekundu, yeye ndani. Nimepunga asimame. Hakusimama. Zizi la jirani yetu Mama Mutwiri limelala chini na ng'ombe wamefika barabarani. Ameshuka akaniuliza, majirani wote wakisikia, kama najua kushoto na kulia.

Nimeendesha kanta, lori dogo la ndizi la kikundi chetu, hadi soko la Gakoromone tangu Kendi wetu akiwa darasa la pili. Sasa Kendi ana watoto. Najua kushoto, najua kulia, na namjua mtu asiyetazama kioo. Nikamwambia anipe usukani nijaribu.

Akacheka. "Hii si kanta, Mama Kendi."

Sikupika. Amekula mkate mkavu.

Jumamosi, 9 Agosti

Simu kutoka Siakago. Mama yangu alianguka shambani Juni, nyonga ikavunjika. Hospitali wakamtia chuma wakamrudisha nyumbani. Igoki, jirani yake, ndiye amekuwa akilala naye. Sasa Igoki anahamia kwa mwanawe Nairobi, anaondoka Jumamosi ijayo. Ndugu yangu tulishamzika. Nimebaki mimi.

Mama hawezi kukaa kwenye kiti cha gari. Nusu saa tu analia kwa maumivu. Ni lazima asafiri amelala.

Dude lina kitanda. Leo nimelitazama kwa mara ya kwanza bila kulitukana.

Baba Kendi kakubali haraka. Anataka safari, yoyote ile. Nimemshukuru, halafu nimejikasirikia kwa kumshukuru.

Jumatano, 13 Agosti

Nimechoka na nina hasira.

Mteremko wa Nithi ameuingia na gia kubwa. Nikamwambia ashushe gia kabla ya mteremko, si katikati. Akasema ninyamaze asikie injini. Alichosikia ni breki. Kufika darajani magurudumu yanatoa moshi. Tumekaa kando ya barabara mpaka yakapoa, malori yakitupita na watu wakituchungulia. Runyenjes tawi la mti limeng'oa kidirisha cha paa. Hakujua urefu wa gari lake mwenyewe.

Embu tangi la choo likajaa. Akanipa glavu.

Siku moja nitaliwasha na kumwacha barabarani na ramani yake.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama kakataa.

Alikuwa tayari tangu alfajiri. Kaoga, kafunga kitambaa kipya, nguo zake ziko kwenye kiondo. Tukambeba kwenye kiti mimi na Igoki hadi mlangoni mwa Dude. Akaona kitanda. Akafunika uso na leso akasema arudishwe.

Ni nthoni. Ile heshima ya mama mkwe na mkwe, yenye mpaka wake. Hawali pamoja. Hawalali chini ya paa moja. Kitanda cha mkwe hata kukitazama ni aibu. Ndiyo maana kila mwaka namwomba aje kukaa Mikinduri, na kila mwaka anauliza atalala nyumba ya nani. Gari la kawaida aliwahi kupanda na Baba Kendi, mmoja mbele, mwingine nyuma, nyuso zikitazama pande mbili. Lakini hili lina jiko, pazia na godoro. Kwake hii ni nyumba. Tena nyumba ya mkwe.

Baba Kendi, akiwa nyuma ya ua, akapaza sauti kwamba hili ni gari tu, mama atazame magurudumu. Mama hakumjibu. Alinijibu mimi.

"Mwambie gari halina godoro."

Nimewakasirikia wote wawili. Mmoja kwa kununua nyumba bila kuniuliza, mwingine kwa kukataa kuingia. Mama mzee, mfupa una chuma, na Jumamosi atabaki peke yake kwa sababu ya godoro! Nimemwambia hivyo. Kasema afadhali afe na heshima yake. Nimetoka nje nikapiga teke gurudumu la Dude. Kidole kimevimba.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi Mama kamwita Baba Kendi. Hajawahi kumwita. Amekuja akasimama nje ya mlango, kofia mkononi, akitazama ua kama inavyopasa. Mama ndani, mimi kizingitini, Igoki na wazee wawili wa jirani wakisikiliza.

Mama akauliza, "Hiyo nyumba ni ya nani?"

Nikaelewa anakokwenda. Nyumba ya mkwe haiingii. Nyumba ya binti yake ni kwake, hata kufa anaweza kufia humo. Baba Kendi naye kaelewa. Neno analompa mama mkwe wake mbele ya watu halirudi, hata akileta mbuzi wa kuomba radhi. Atakuwa amelitoa Dude, na Turkana yake, na yote.

Kaizungusha kofia mkononi. Namjua. Ndivyo alivyosimama mbele yangu aliporudi kutoka Nanyuki. Nikaanza kutafuta maneno ya kumtukana nayo.

"Ni ya Wanja," akasema, akinitaja kwa jina langu.

Mama akamwomba arudie. Akarudia.

"Basi Wanja ataniendesha. Wewe mkwe utafute njia yako, nikiwa nimelala humo usiingie."

Godoro letu tumempa Igoki. La Mama limewekwa mahali pake. Halafu funguo. Kanipa bila kunitazama.

Mchana kutwa tumekuwa kwenye uwanja wa mpira. Mimi juu, yeye chini akikimbia kando ya dirisha kwa viatu vya kanisani, akipiga kelele. Kata. Usikate. Ngoja mkia uingie kwanza. Hapo nilimsikiliza, maana mkia wa Dude unakuja nyuma sana kuliko wa kanta. Mara moja kasema kushoto, nikamwuliza kama ni kushoto kwangu au kwake. Wavulana wa mpira wamecheka sana. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefika. Namwandikia nani haya? Mimi mwenyewe. Nimefika.

Yeye alipanda bodaboda. Mwalimu mkuu, koti la suti, mgongoni mwa kijana wa watu, na amebadilisha pikipiki tatu njiani. Alipopanda ya kwanza alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikuwa mbele muda wote, akinionyesha kwa mkono matawi na nyaya za stima. Nithi nimeshusha gia juu kabisa, kabla ya mteremko. Hakuna moshi. Mama nyuma amelala, akiniamrisha nipunguze mwendo na akinung'unikia baridi ya huku juu. Sijavunja kikombe hata kimoja.

Kuingia nyumbani ni kurudi nyuma, kando ya zizi jipya la Mama Mutwiri. Baba Kendi kasimama nyuma na kitambaa chekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Alipopunga nisimame, nikasimama.

Ningemsamehe leo. Lakini mezani kaanza kusema kona ya Chuka niliichukua upana mno. Nimeondoa sahani kabla hajamaliza.

Jumapili, 24 Agosti

Mama analala vizuri humo ndani ya Dude. Asubuhi namtoa na kiti chake juani, karibu na migomba. Mama Mutwiri anamletea maziwa na wanasikilizana, mmoja Kimeru, mwingine Kimbeere. Nimepanda maua kwenye makopo kando ya ngazi. Majani yameanza kuota chini ya magurudumu.

Leo baada ya ibada Baba Kendi amekuja. Mama alikuwa nje, uso ameugeuzia migomba. Yeye kasimama chini ya ngazi, mlango ukiwa wazi, akapiga hodi. Kaniuliza kama naweza kuliwasha kidogo, betri isife.

Nimeketi kwenye usukani nikaliwasha. Ramani bado iko pale mbele, sijaibandua. Yeye alibaki nje, mkono ameuweka kwenye bati, akisikiliza injini. Betri ilishatosha zamani. Nimeliacha lingurume.