Barua Pepe Iliyotumwa kwa Jina Lako

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mkono umezoea kuanza hivyo, na sioni kwa nini niuzuie. Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike. Steshenari yako hapa Ipuli bado naifungua saa mbili asubuhi na kompyuta zote tatu ni nzima. Wanaokuja kuomba vyuo bado wanakuulizia, halafu wanakumbuka, wananipa pole.

Kuna jambo limetokea, na wewe ndiye niliyetaka kukueleza kabla ya mtu yeyote.

Mwezi uliopita, Jumanne asubuhi, Mama Jeni alikuja kutoka Usoke. Ni yule mkulima wa tumbaku uliyemfungulia barua pepe ili afuatilie maombi ya chuo ya binti yake. Hakutaka kukaa. Alinipa simu yake, akasema, "Leokadia, nisomee hii. Mimi nilikuwepo makaburini, nimetupa udongo kwa mkono wangu. Sasa Veronika ananiandikiaje?"

Nilikagua anwani herufi moja moja, kama ulivyonifundisha. Ilikuwa yako kabisa. Barua ilisema: "Mteja, akaunti yako itafungwa leo. Bonyeza hapa uandike neno lako la siri."

Mama Jeni alisema hakubonyeza, kwa sababu hujawahi kumwita mteja, wala hujawahi kumwandikia bila kumuuliza habari za watoto. Na ulimwambia mwenyewe kwamba neno la siri haliulizwi na mtu mwema. Basi akapanda gari, akaja kuuliza. Mama Mdogo, yule mwanamke alikuja kwako mara ya kwanza akiogopa hata kugusa kipanya.

Mlango wa wezi niliufungua mimi. Afadhali nikwambie.

Neno lako la siri lilikuwa maneno matano yasiyohusiana, mawili ya Kinyamwezi, na hakuna ambaye angelibahatisha. Wiki ya msiba nilikuwa naingia kwenye barua pepe yako kujibu rambirambi, nikachoka kuliandika. Nikaweka jina lako na mwaka wako wa kuzaliwa. Zile namba zilizokuwa zinatumwa kwenye simu yako kuhakikisha ni wewe unayeingia, nikazizima, maana simu ilikuwa imefungiwa kabatini. Na mimi ndiye niliyeweka mtandaoni tangazo la kifo chako, lenye jina lako lote, tarehe ya kuzaliwa na anwani yako ya barua pepe. Aliyeingia hakuhitaji ujanja wowote.

Wezi walikuwa wameshabadilisha neno la siri, na mimi nilikuwa nje. Baba Mdogo ndiye aliyekumbuka bahasha uliyomwachia ndani ya sanduku la hati za nyumba. Ulikuwa umeandika anwani ya pili, ya akiba, ambayo sikujua kama unayo, na chini yake hatua za kufuata, kwa mwandiko wako wa kulala kushoto. Uliandika ukiwa mgonjwa, wodini katika hospitali ya Kitete. Nilifuata hatua zako nikilia, na kabla ya saa sita mchana akaunti ilikuwa mikononi mwetu.

Lakini mwalimu mmoja wa Nzega, uliyewahi kumsaidia maombi ya kazi, alikuwa ameshabonyeza. Wezi waliingia kwenye barua zake, wakawaandikia wazazi wa wanafunzi kwa jina lake, wakiomba pesa. Siku mbili mtu wa watu aliitwa tapeli.

Nilipokaa kuwaandikia wateja wote, Baba Mdogo alinihurumia. "Sema ni wezi wameingia. Inatosha," alisema. Ilikuwa kweli, na ningeweza kuishia hapo.

Nikakumbuka ile asubuhi ulipofungua faili lililodaiwa ni risiti ya mzigo, na kompyuta zote zikaharibika. Kazi za watu zilipotea. Ulichukua kalamu nene ukaandika karatasi, ukaibandika mlangoni: "Nilifungua faili la mtu nisiyemjua. Kosa ni langu, Veronika. Njooni niwaandikie upya." Mimi niliona aibu, nikakuomba uitoe. Ulinijibu bila kugeuka, "Nikificha, kesho watafungua faili lile lile." Siku nne ulichapa barua za watu upya, na kwa kila mmoja ulisimama ukamwonyesha ulipokosea.

Kwa hiyo niliandika yote. Tangazo, neno la siri, namba nilizozima. Niliweka jina langu chini.

Mteja mmoja alinijibu kwamba hatarudi tena, na hajarudi. Mwalimu alipiga simu akanisema mpaka sauti ikamkauka. Jumamosi akaja. Tulikaa asubuhi nzima tukarudisha akaunti yake, tukamwandikia kila mzazi. Wakati anaondoka aliniambia, "Veronika naye angeniambia ukweli." Sijui kama amenisamehe. Lakini alisema hivyo.

Kesho naifunga anwani yako, asiitumie mtu tena. Leo nimezisoma barua ulizotuma. Mama Mdogo, hakuna hata moja inayoanza na shida. Unaanza na mguu wa mzee fulani, mvua za Urambo, mtoto aliyekuwa na surua. Nilidhani ulikuwa fundi wa kompyuta. Ulikuwa unawajua watu, ndiyo maana mgeni aliyevaa jina lako alishindwa kwa Mama Jeni.

Jumamosi ijayo Mama Jeni analeta wanawake wanne wa Usoke niwafundishe. Nakuahidi nitaanza kwa kuwauliza habari za nyumbani, kisha nitawaeleza kosa langu, lote, bila kupunguza.

Pumzika sasa, mama yangu. Dukani nipo.

Mwanao,
Leokadia