Mama, Habiba Hakukusahau

Mama,

Nimerudi kutoka Moyale leo na hata begi sijafungua. Nimeketi kwa kitanda chako hapa Machakos, maana Baba bado hataki kitolewe, na niko na neno moja ambalo haliwezi kungoja. Ndugu yako Habiba hakukusahau. Alikuwa njiani.

Acha niandike tena, ndio niamini mwenyewe. Alikuwa njiani.

Wiki ile ya mwisho kila gari lililopunguza mwendo hapo nje lilikufanya uinue kichwa. "Ni Habiba?" Nachungulia, nasema si yeye. Tulikuwa tumemtumia ujumbe kupitia wafanyabiashara wa ng'ombe, na jibu likaja kwamba anakuja. Ukaniambia nitandike ile shuka nzuri. Tukangoja. Halafu siku ya mwisho ukageukia ukuta, ukasema, "Basi. Habiba amenisahau." Hukusema kitu kingine nikakielewa. Kesho yake asubuhi ulikuwa umeenda. Mwanao Musa aliuliza kama tumsubiri mama mdogo, Baba akasema maiti haingojeshwi. Tukakuzika adhuhuri.

Sasa sikiza yaliyompata. Alipanda lori la ng'ombe, akakaa juu kwenye vyuma pamoja na wachungaji, mwanamke wa umri wake, katika jua lote hilo na vumbi. Katikati ya safari wakasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akataka kitambulisho. Cha Kenya hana; alizaliwa upande wetu, lakini aliolewa ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, kwenye nyumba ambayo ukisimama sokoni Moyale unaona moshi wake. Akawaeleza kwamba dada yake anakufa Machakos. Askari akamwambia, "Mama, kila anayepita hapa ana dada anakufa." Akateremshwa. Akalala kituoni kwenye sakafu, na kulipokucha akapakiwa kwa lori lingine, akarudishwa hadi mpakani. Siku waliyomrudisha ndiyo siku uliyogeukia ukuta.

Aiya, Mama.

Unakumbuka ile ramani niliyochora nikiwa darasa la tano? Uliiangalia sana, ukaniuliza, "Na kwa Habiba ni wapi?" Sikujua. Ukaweka kidole kule juu, na kidole chako kikafunika Kenya na Ethiopia pamoja. Ulicheka hadi machozi. Ukanihadithia kwamba babu alikuwa akifunga mbuzi kwenye nguzo ya mawe ya mpaka iliyoachwa na Wazungu, na kwamba nyinyi wasichana mlichota maji upande mmoja mkapika upande wa pili, hakuna aliyewauliza. Baadaye serikali ikaleta kamba ya kufunga njia. Baada ya kamba ikaja chuma, na bendera, na mtu wa kuuliza. Wewe ulikuwa tayari umeolewa na dereva Mkamba, umeshuka naye huku, na Habiba akabaki nyuma ya chuma. Hata huku chuma hicho kiliendelea kukufuata. Tukisimamishwa barabarani, ni wewe tu uliyeteremshwa kwa sababu ya uso wako, na Baba anashuka nyuma yako akisema, "Ni bibi yangu, afande, ni bibi yangu."

Haya yote nisingeyajua. Ni mmoja wa wale wafanyabiashara wa ng'ombe aliyekuja kutupa pole ndiye aliyetuambia, akidhani tunajua. Baba alitoka nje akasimama uani muda mrefu. Mimi nikaomba ruhusa kazini, nikamtuma yule mfanyabiashara amwambie Habiba tukutane sokoni Moyale, nikapanda kwenda.

Watu wa ng'ambo wanaruhusiwa kuingia sokoni hadi jioni. Nilimtambua kabla hajafika. Anatembea kama wewe, Mama, ule mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Kiborana chenu hukutufundisha, ulisema tusije tukaulizwa na sisi. Kwa hiyo nilisimama mbele ya ndugu yako wa damu kama bubu. Muuza vitambaa mmoja ndiye aliyetutafsiria. Habiba aliuliza jambo moja tu: "Aliniita?"

Nikasema, "Alikuita kwa jina lako."

Ni kweli, uliita. Yaliyobaki niliyameza. Alinishika uso kwa mikono miwili akaninusa kichwani kama mtoto mchanga, halafu akaketi chini pale pale kati ya vitambaa, akalia kwa sauti hadi watu wakaacha kununua.

Jioni askari walipuliza filimbi. Habiba akavuka. Alipofika upande wa pili akageuka kunitazama, na askari wa huko akamwambia kitu, nadhani ni atembee. Akatembea.

Pumzika sasa, Mama. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, na kama huko habari hufika, hii ikufikie kabla ya zingine zote. Mimi kitambulisho ninacho. Kwa kuwa wao hawamruhusu kuja, nitakuwa nikienda mimi, kila likizo, nimchukue na mwanangu Amina alale kwake. Na askari akiniuliza ninafuata nini ng'ambo, nitamjibu kwamba ninakwenda kwa mama yangu.

Binti yako,
Zainabu